Waya Ndani ya Tanki la Profesa

Jumatatu, 4 Mei

Tik.

Ndivyo ilivyosema. Ndogo kuliko sauti ya ukucha ukikatwa. Niliisikia Ijumaa na bado imekaa ndani ya sikio langu la kulia, kama maji ya kuoga yaliyokataa kutoka. Hooyo, mama yangu, ananiita mezani — tik. Mwadhini anamaliza — tik.

Nilikuwa nimefunga waya wa kwanza kwenye kishikio nilichochonga kutoka ubao wa plastiki wa kukatia nyama. Nikauzamisha kwenye baridi ya naitrojeni ya maji. Plastiki ikajikunyata kwa namna yake, waya kwa namna yake. Hawakuelewana, waya ukakatika.

Niandike kilichobaki, maana nikiandika natulia. Nyaya zilikuwa mbili. Zilitumwa na maabara ya ng'ambo, kila mmoja mrefu kama kiganja, bapa kama kamba ya kiatu. Nje ni fedha. Ndani mna nyuzi thelathini na saba, nyembamba kuliko unywele, za kitu kinachofanana na kauri. Zikipozwa vya kutosha, umeme unapita humo bila kupungua na bila kupasha chochote joto. Swali langu ni moja tu. Ukiingiza mkondo, nani anaubeba? Hesabu zinasema wa pembeni ndio wanaoanza. Wa katikati wamekaa tu. Mkondo ukiongezwa, mzigo unasogea ndani kidogo kidogo, mpaka uzi wa katikati kabisa nao unalazimika kubeba. Nataka kuuona ukibeba.

Naandika kana kwamba nyuzi ni watu. Dk. Amolo, msimamizi wangu, alishanikataza.

Maabara ile ina nafasi moja ya uzamifu. Wanataka ramani: mkondo ukienea kutoka pembeni hadi katikati, waya mzima. Mwisho ni Jumatano ya wiki ijayo. Bila katikati si ramani, walisema hivyo kwa adabu sana.

Dk. Amolo aliutazama ule uliovunjika kama mtu anayetazama maiti ya jirani ambaye hawakuwa wakisalimiana. Akasema, basi usivunje wa pili.

Ushauri wa kitaalamu.

Jumatano, 6 Mei

Chuo hakina naitrojeni. Hakijawahi kuwa nayo. Ila hapa kwetu baridi ya namna hiyo haikosekani, kwa sababu moja: ng'ombe. Kila daktari wa A.I., yaani uhimilishaji, ana tanki la naitrojeni, na ndani ya tanki mmelala mbegu za fahali, kwenye mirija myembamba kama ya kunywea juisi. Fizikia yangu yote inategemea ukarimu wa Bethwel wa mtaa wa Pioneer, ambaye kazi yake ni kupandikiza ng'ombe mimba. Ananigawia kutoka tanki lake kubwa. Ananiita Madam Fizikia.

Leo nilibeba tanki dogo kwenye boda boda, nimelikumbatia kama mtoto. Kwenye makutano tukasimamishwa na mzee mmoja mwenye gambuti na mwavuli.

Akauliza, daktari, uko na Ayrshire ama ni Friesian peke yake?

Nikamwambia mimi si daktari, hii ni ya kupimia umeme.

Akanitazama juu mpaka chini. Akasema sawa, hata kama ni mpya, wewe niambie maziwa ni lita ngapi.

Mwenye boda akamjibu kwa niaba yangu. Alisema ishirini na tano kwa siku. Mzee akaomba namba yangu, mwenye boda akampa. Nilikuwa bado nimeduwaa, na mikono yote miwili iko kwenye tanki.

Jioni nimepigiwa simu na watu wanne. Nimejifunza kwamba ng'ombe akionekana na joto asubuhi anapandikizwa jioni, na akionekana jioni anapandikizwa asubuhi. Nimejifunza hivyo kwa sababu wanne wote walinieleza, kwa upole, wakidhani ndiyo kwanza nimemaliza shule.

Wa nne alikuwa Mama Esther wa Burnt Forest. Yeye hakuuliza lita. Aliuliza, bado kuna Profesa?

Sikujua ni profesa yupi. Nikasema nitaulizia.

Jumamosi, 9 Mei

Nimeulizia.

Profesa ni fahali. Alikuwa. Alipigwa na radi Februari akiwa malishoni. (Mkondo mkubwa, muda mfupi, uenezi haujulikani.) Imebaki mirija kumi na mmoja ya mbegu zake duniani, na yote iko kwa Bethwel. Kila mmoja una mwenyewe anayeungoja.

Dk. Amolo alikuwepo Bethwel akieleza. Dk. Amolo ameomba uprofesa mara tatu.

Akauliza, na huyo Profesa wenu alichapisha nini?

Bethwel akasema, ndama mia nne.

Dk. Amolo akachukua kikombe chake akaenda ofisini.

Halafu habari mbaya. Lori linaloleta naitrojeni kutoka Nairobi limekwama njiani, gia zimekufa. Haijulikani litafika lini. Tanki kubwa la Bethwel liko nusu na hawezi tena kunigawia hata kikombe, na langu dogo limeshakauka. Kila tone ni la Profesa.

Nilimwambia kuhusu tarehe 13. Nilimwambia kuhusu uzi wa katikati. Nadhani niliongea muda mrefu. Alisikiliza akipangusa buti zake.

Akasema, Madam Fizikia, huyo uzi wako amekaa tu wenzake wakifanya kazi?

Mpaka walemewe, nikasema.

Akasema anajua familia kama hiyo.

Kisha akatoa wazo. Wazo la kipuuzi, na ni zuri. Badala ya naitrojeni kuja kwa waya, waya uje kwa naitrojeni. Niuzamishe kwenye tanki lake, juu ya mirija. Nipime humo humo. Nisimwage, nisimguse Profesa.

Shingo ya tanki ni pana kuliko ngumi yangu kidogo tu. Nimepima. Inatosha.

Jumatatu, 11 Mei

Tulifika getini na tanki likiwa nyuma ya pikipiki yake, limefungwa kwa mipira ya tairi. Mlinzi akatuzuia. Hakuna mifugo chuoni bila barua ya mkuu wa kitivo.

Bethwel: Hii si mifugo. Ni mbegu.

Mlinzi: Mbegu ya nini?

Bethwel: Ya ng'ombe.

Mlinzi: Basi ni mifugo.

Bethwel: Mkubwa, bado haijazaliwa.

Mlinzi akafikiri. Niliona akifikiri kweli kweli. Akauliza, na ikizaliwa ndani?

Bethwel akamwambia hilo litachukua miezi tisa. Mlinzi akasema basi sawa, mradi iwe imetoka Jumatano jioni. Akatuandika kwenye daftari la wageni: Ilham, Bethwel, Profesa. Kwa mara ya kwanza idara yetu imepata profesa, alisema Dk. Amolo, bila kucheka.

Mchana kutwa nimefunga vifaa. Kishikio kipya ni cha shaba na karatasi ngumu. Nyaya nene za kuingizia mkondo. Kihisi cha sumaku, kidogo kama punje ya mchele, kikivutwa taratibu juu ya waya na mota ya printa iliyokufa. Mkondo ukipita unatoa sumaku. Nikijua sumaku iko wapi, kompyuta inarudi nyuma kuhesabu mkondo uko wapi. Ni kama kujua nani anaongea chumbani kwa kuweka sikio ukutani.

Nilizamisha waya polepole, kwa nyuzi za kushonea za Hooyo.

Hakuna tik.

Jumanne, 12 Mei

Ampea kumi. Ishirini. Thelathini. Inafanya kazi.

Kwenye skrini waya wangu ni kama uwanja wa mpira uliotazamwa kutoka juu usiku: kingo zinang'aa, katikati giza. Arobaini: kingo zimenenepa. Giza limepungua, lakini lipo.

Shida ni moja. Waya wangu haupati joto, lakini nyaya nene za shaba zinazouletea mkondo zinapata, na joto lao linachemsha naitrojeni. Kila nikipandisha, tanki linafoka mvuke mweupe na Bethwel anaingiza kijiti chake cha kupimia. Kijiti kina alama nyekundu. Chini ya hiyo, anasema, Profesa anakufa mara ya pili.

Hooyo alinifungia chai ya iliki kwenye ile chupa kubwa ya wageni. Nilisahau kuinywa. Bethwel aliinywa yote. Nikimweleza Hooyo ninachofanya anasikiliza vizuri sana, kisha anawaambia wenzake dukani kwamba nasomea friji.

Jumatano, 13 Mei

Leo ndiyo siku yenyewe na kuna ng'ombe kwenye maegesho ya mkuu wa kitivo.

Ni wa Mama Esther. Anaitwa Naomi. Alionekana na joto alfajiri, na kwa kuwa Profesa yuko idara ya fizikia, Mama Esther alikodi pikapu akamleta Naomi idara ya fizikia. Sijui aliongea nini na mlinzi. Anangojea jioni, kama inavyotakiwa. Ng'ombe naye analia, na kila akilia kihisi changu kinatetemeka na mstari kwenye skrini unaruka. Nimeandika kwenye data: kelele, chanzo Naomi.

Nilimpelekea Mama Esther kiti. Ni mwanamke mrefu, amejifunga leso juu ya sweta mbili. Anasisitiza kuniita daktari. Aliniambia ng'ombe wake wote ni ukoo wa ndama mmoja, aliyekutwa hai ndani ya mahindi mwaka ule. Hakusema mwaka gani. Mtu wa Burnt Forest hasemi mwaka nyumba zilipochomwa, nawe huulizi. Akasema wengi wa ukoo huo wamekauka maziwa, amebaki Naomi, na anataka ndama wa kike wa Profesa kabla yeye mwenyewe hajazeeka sana kukamua.

Nikamwambia mkono wa Bethwel ni mzuri.

Ampea hamsini, saa sita. Pembeni pamejaa. Tabaka linalofuata limejaa. Katikati kabisa kuna doa jeusi, jembamba kama mbegu ya ufuta. Kwa hesabu zangu doa hilo linafunga kwenye sitini.

Bethwel akaingiza kijiti. Akakichomoa, akanionyesha. Kidole kimoja tu juu ya alama.

Akasema lori liko Timboroa, juu ya kilima, dereva hana fundi. Hiki kidole ndicho kitamfikisha Profesa mpaka kesho. Akauliza, hamsini haitoshi?

Nikamwambia inatosha.

Alinishukuru. Dk. Amolo naye akasema ramani yenye doa ni ramani pia, tutaandika kwamba utafiti zaidi unahitajika. Halafu akaitwa na mkuu wa kitivo kueleza ng'ombe.

Nimekaa mbele ya skrini na doa langu. Nasikia chuo kizima kikicheka huko nje. Wanafunzi wanapiga picha na Naomi. Mmoja anasema huyu ndiye ataelewa quantum kabla yetu.

Thelathini na sita wanabeba. Mmoja amekaa.

Nimemjua huyo mmoja tangu nikiwa darasa la nne, mimi ndiye niliyekaa wenzangu wakiitwa.

Jumatano, baadaye

Naandika nikiwa nyuma ya pikapu, barabara ya Nakuru. Mwandiko ni wa barabara, si wangu.

Mama Esther yuko mbele na dereva. Huku nyuma ni mimi na Naomi, chini ya turubai, mvua ikipiga. Katikati ya magoti yangu kuna chupa ya wageni ya Hooyo. Ndani ya chupa yumo Profesa, mirija kumi. Nimeziba mdomo kwa pamba, si kwa kizibo, maana hewa ikikosa njia chupa itapasuka. Inatoa moshi mweupe unaonukia iliki. Mama Esther aligeuka akanigongea kioo, akasema daktari, chai yako ina moto sana.

Bethwel yuko mbele yetu kwa pikipiki, tanki tupu limefungwa nyuma yake. Tunamkimbilia dereva wa lori Timboroa. Lori halitembei lakini naitrojeni yake ipo.

Niandike ilivyokuwa, kwa mpangilio, kama jaribio.

Jioni Bethwel alichukua mrija mmoja kutoka tankini, kwa koleo. Aliuyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya kikombe cha Dk. Amolo. Akavaa glavu ile ndefu inayofika begani, akatoka kwenda kwa Naomi. Maabara ikabaki na mimi.

Nilimwaga maji ya kusuuzia yaliyokuwa ndani ya chupa ya Hooyo. Niliikausha kwa ncha ya shela yangu. Nikachota naitrojeni, nikaijaza chupa, nikahamisha mirija kumi kwa koleo lile lile, haraka, nikihesabu sekunde kwa sauti. Nikateremsha waya mpaka chini ya tanki, palipobaki naitrojeni ya kuufunika tu.

Kisha nikapandisha hadi sitini.

Tanki lilifoka kama sufuria. Sikuangalia tanki. Niliangalia skrini. Kihisi kilienda mwendo wake wa kobe, mstari baada ya mstari, na doa likaanza kuwa kijivu. Kisha likaanza kung'aa. Kisha halikuwepo. Waya mzima mweupe, ukingo hadi ukingo. Hakuna aliyekaa.

Nilitazama kwa muda gani, sijui. Sikutabasamu. Nilihisi tu kwamba mtu ameingia chumbani ambaye nimemngoja miaka mingi.

Ndipo nikasikia.

Tik.

Naitrojeni ilikuwa imeisha. Waya ulikuwa hewani, ukapata joto, ukaenda. Nikazima mashine. Ramani ilikuwa imekwisha hifadhiwa. Niliituma saa ile ile, kabla sijafunga chupa kwa pamba. Lazima niandike hilo pia. Ramani kwanza, pamba baadaye.

Bethwel alirudi akinuka ng'ombe, anacheka, mambo yameenda vizuri. Aliona tanki kavu. Aliingiza kijiti mara mbili, kana kwamba kijiti ndicho kimekosea. Halafu akaniona na chupa.

Akasema, limevuja. Tanki hili la zamani, nilijua tu siku moja litanifanyia hivi. Akakalia kile kiti cha magurudumu, kikamrudisha nyuma mpaka ukutani. Akasema, Madam Fizikia, wewe ndiye umemwokoa. Kama si wewe ningewaambia nini wale watu kumi.

Nilifungua mdomo. Dk. Amolo akaingia akasema mkuu wa kitivo anataka maegesho yake. Kila mtu akaanza kukimbia. Nami nikakimbia.

Njia nzima kutoka mjini nimepewa sifa. Mama Esther amempigia simu dada yake, nimesikia kwa dirisha: huyu msichana wa Kisomali amewahamishia mbegu kwenye chupa ya chai, ana akili ya ajabu, msimwachie aende ng'ambo. Hooyo naye amepiga kuuliza kama nimekula, na kuniambia chupa irudi safi, Ijumaa ana wageni.

Sijui kama mirija iko salama. Ilikaa hewani wakati wa kuihamisha. Nilihesabu lakini nilihesabu nikiwa na haraka. Bethwel anasema ikipata joto kidogo tu, kwa nje huoni kitu. Unapandikiza, mwenye ng'ombe anangoja, na baada ya wiki tatu ng'ombe analia tena. Wa Naomi ulitoka kabla, huo nina uhakika nao. Wale kumi wengine watangoja na wataamini.

Tumepita Burnt Forest mjini. Mama Esther amekataa kushuka. Amesema Naomi hana haraka sasa, twende tumfikishe Profesa kwanza.

Hapo ndipo nilipotoa simu.

Niliandika: Bethwel, tanki halikuvuja. Nilikwambia hamsini inatosha, halafu ulipotoka nikapandisha hadi sitini. Nilihamisha mirija kwa sababu hiyo. Niliikausha naitrojeni yako mimi mwenyewe. Sijui kama Profesa ni mzima.

Nikasoma mara moja. Sikuongeza kwamba nilikiona nilichotaka kukiona. Nikatuma.

Ujumbe umefika kwenye simu yake. Hawezi kuusoma, anaendesha. Naona taa yake nyekundu mbele, kwenye mvua, tanki tupu likiyumba huku na huku nyuma ya mgongo wake. Naomi amelaza kidevu begani mwangu. Ni mzito, na ana joto kuliko nilivyodhani.

Chupa bado inafuka moshi. Kidogo kuliko mwanzo.

Amewasha indiketa. Anasimama kando ya barabara. Dereva wetu naye anapunguza mwendo, tunasimama nyuma yake. Labda ni mipira ya tanki imelegea. Ameshuka, ameigusa, ameikaza. Ametupungia mkono kwamba kila kitu kiko sawa.

Sasa anapangusa mkono kwenye koti na anatoa simu mfukoni.